Sabule ya Dani

Hii stori ilianzia Umoja, kwa ngazi za ploti yetu, usiku stima zimepotea na wasee wote wametoka nje kupigwa na upepo. Beshte yangu wa Lamu alikuwa ananionyesha mapicha za keja ya kwao kwa simu. Ukuta wa matumbawe mnene hadi dirisha inakaa pango. Zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuweka vyombo, zimepangwa mstari juu ya mstari. Dari ya boriti za mikoko. Alafu, kutoka kwa daka, ile baraza ya mlangoni, kabla hujafika kwa wenyewe, kuna karum kamejitenga. "Hii yaitwa sabule," akaniambia. "Ni ya mgeni. Anaingia, analala, anatoka, na hajasumbua mtu wa ndani."

Hiyo kitu ilinishika. Fundi amekaa chini, zamani za mababu huko, anapima nyumba, na kabla amalize anaachia nafasi msee mwenye hamjui, mwenye hata hajazaliwa, juu siku moja atafika usiku akiwa amechoka.

Alafu beshte akauliza, kwa roho safi kabisa, "Na kwenu? Nyumba za kale ziko wapi? Mgeni hulala wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa mbuyu ni Nyatike, Migori. Mathe ametoka Karachuonyo, Homa Bay. Naendanga ocha Disemba na kwa matanga, narudi mtaani. Lakini nyumba ya kale ya Mluo, yenye naweza fungulia mgeni mlango nimwambie ingia, lala, babu ya babu yangu alilala hapa? Nililala na hilo swali na nikaamka nalo. Wiki mbili baadaye tukapanga form: siku nne, begi mbili, tutafute.

Kuna kitu lazima niseme mapema, juu wasee wengi wa rika letu tunapenda hizi hoteli ndogo za kwa nyumba za zamani na hatujui zinatokanga wapi. Mji wa kale wa Lamu uliingia kwa orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 2001. Nyumba kibao huko zimegeuzwa za wageni: rum nne, tano, sita, na hakuna mbili zinafanana. Mji Mkongwe kule Unguja ni hivyo hivyo. Hiyo ndio raha yake. Hulali kwa namba ya mlango, unalala kwa rum yenye ilikuwa ya binti wa watu. Lakini beshte alinionyesha na ule upande mwingine. Makeja mob za Lamu, hasa Shela, zilinunuliwa na watu wa nje, na familia zenye zilikuwa zinakaa mle zikasonga kando. Keja imepona, mwenyewe amehama. Hilo onyo tulilibeba safari nzima.

Tulishuka Oyugis asubuhi mapema tukiwa na usingizi wa nganya, tukashika matatu ya Kendu Bay.

Kendu Bay mimi niliijuanga kama stegi tu. Unashuka, unanunua samaki, unaingia gari ingine. Siku hiyo tulitembea kwa miguu hadi mji wa zamani. Reli ilipofika Kisumu 1901, meli zikaanza kuzunguka Nam Lolwe, vile sisi tunaitanga Ziwa Victoria, na Kendu ikawa bandari ya maana. Wahindi wakaja, wakafungua maduka, wakajenga vile walijua: duka mbele, familia nyuma, veranda ndefu ya kukaa jioni. Ukienda leo utaona milango ya mbao imefungwa kitambo, rangi imebambuka tabaka juu ya tabaka hadi unaweza kusoma umri wa nyumba kwa kucha. Beshte alikuwa anagusa kila mlango. Alikaa kwa veranda moja, akanyoosha miguu, akasema, "Hii ni daka kabisa. Wamenyima tu viti."

Saa ya adhuhuri akaingia Msikiti wa Tawakal kuswali. Alitoka akifuatana na mzee mmoja, mwenye alitutembeza hadi karibu na maji akatuonyesha mahali ziwa lilifika. Kuna mvua za miaka ya sitini zenye wazee wote wa hapa wanakumbuka, zenye zilijaza ziwa hadi 1964. Alafu Mei 2020 maji yakapita hata hiyo alama. Familia zilihama na vyombo kichwani. Kwa hivyo hizi nyumba zinapigwa na jua juu, zinaguswa na maji chini, na katikati hakuna mtu analala ndani ya kuona ufa ukianza. Mimi nasema hivi bila kuficha: moja tu ya hizi nyumba ikipata mtu wa kuipenda, rum sita, veranda na viti vyake, ngege wa kuchemsha jioni, wasee watatoka Nairobi na Kisumu kuja kulala Kendu Bay. Na mwenye nyumba abaki kuwa mwenye nyumba.

Si mbali na hapo kuna Simbi Nyaima. Ni kaziwa kadogo ka shimo la volkano, maji ya kijani, chumvi, na flamingo wakija wanakuja kwa mamia. Mathe alitupigia stori yake tukiwa watoto, lakini sijawahi isikia vile niliisikia siku hiyo, begi likiwa mgongoni na sijui nitalala wapi. Mwanamke mzee alifika kwa kijiji usiku, amechoka, amelowa, akaomba mahali pa kulaza ubavu. Kijiji kilikuwa kwa sherehe, pombe na ngoma, wakamfukuza. Mama mmoja tu ndiye alimfungulia. Yule mgeni akamwambia huyo mama achukue watu wake watoke usiku huo huo. Walipotoka, maji yakapanda, kijiji kikazama chote na ngoma yake. Nyaima, yenye ilizama. Beshte alisimama ukingoni muda mrefu. Kwao wanajenga sabule. Kwetu tuna ziwa zima la kukumbusha watu kufungulia mgeni.

Homa Bay mjini tulilala kwa gesti karibu na ziwa. Ilikuwa safi, tailsi zinang'aa, maji moto iko, na asubuhi tulipanda kilima cha Asego tukaona mji umekaa chini na omena zimeanikwa zinametameta kama bati. Sina lalamishi yoyote. Ni vile tu hiyo rum ingekuwa Thika ama Eldoret ama Voi, na nisingejua tofauti.

Siku ya tatu ndio tulienda Thimlich Ohinga.

Tulipita Rodi Kopany, tukashika Ndhiwa, alafu nduthi mbili zikatuingiza ndani kwa murram, vumbi hadi kwa kope. Ukitokea Migori mjini ni kama kilomita 46 kuelekea kaskazini magharibi. Huko hauoni kitu hadi ukifika. Thim ni msitu, lich ni ya kutisha, na ohinga ni boma la mawe, kwa hivyo jina lenyewe linakwambia mahali palikuwa pamejificha na palitaka kujificha. Watafiti wanasema kuta ni za karne ya 16 hivi. Hakuna simiti. Hakuna hata udongo wa kushikanisha. Mawe makubwa yamepangwa nje, mengine yamepangwa ndani, katikati yakajazwa yale madogo, na uzito wenyewe ndio umeshika kila kitu mahali pake. Kwingine ukuta ni mita 1.5, kwingine unafika 4.5, na unene ni mita moja hadi tatu. Milango ni mifupi na mifinyu, unaingia umeinama. Beshte, mtoto wa mji wa mawe, aliweka kiganja kwa ukuta akanyamaza kabisa.

Maboma makubwa pale yako manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Kolouch. Ndani ya Kochieng', yenye ni kubwa zaidi, unaona mahali nyumba zilikuwa, duara zimebonyea kwa nyasi, na mahali ng'ombe walilala. Nje kuna mahali walikuwa wanayeyusha chuma. Na si hapa pekee. Kwa hii sehemu yote ya ziwa yamehesabiwa maboma ya mawe 521, kwa sehemu 138. Juni 2018, kwa kikao cha Manama, Bahrain, UNESCO iliingiza Thimlich kwa orodha ile ile ya Lamu. Miaka 17 baada ya Lamu, lakini tuko.

Lakini kitu yenye ilinibamba zaidi si ukubwa. Msee mwenye alitutembeza alisema watu walipishana hapa kwa karne, kundi baada ya kundi, na si wote walikuwa Waluo. Wa kwanza walijenga, wakahama. Wengine wakaja, wakakuta ukuta umelegea, wakarudisha mawe, wakaongeza, wakaishi. Wakahama. Wengine wakaja. Yaani hii kitu tunaiona leo imesimama juu kila mwenye alilala ndani alirekebisha mahali alikuta pameanguka. Walipoacha kulala ndani, mawe yakaanza kushuka, na sasa Makavazi ya Kitaifa ndio yanabeba hiyo kazi.

Nyumba za ndani ya hizo kuta ndio hazipo. Zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Na hapo ndio nilipata jibu la beshte, jibu lenye sikuwa nalo kwa ngazi za Umoja. Kwetu nyumba huenda na mwenyewe. Kijana akikomaa anajenga simba, keja yake ya ujana ndani ya boma la babake. Akiwa na familia anatolewa, anaenda kufungua boma lake, na kuna jogoo, kuna shoka, kuna moto unabebwa. Wazee wakipumzika, nyumba zao zinaachwa zirudi chini, na lile boma linaitwa gunda. Udongo wa gunda huwa na rutuba, unapanda mboga mahali dani wako, yaani nyanya yako, alikuwa anapika. Kwa hivyo mtu asiniambie Waluo hawakutunza nyumba. Walizizika kwa heshima, vile wanazika mtu. Paul Mboya, mtu wa Karachuonyo, aliandika mila kama hizi kwa kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi, 1938, na nakala ya hicho kitabu iko kwa rafu mahali tulilala usiku huo.

Mahali tulilala usiku huo ni kwa dani, mama ya mbuyu yangu, Nyatike.

Nilikuwa nimesikia kaza wangu ameanza kulaza wageni kwa keja ya dani na sikuwa nimeelewa vile anafanya. Hiyo keja babu aliijenga akiwa anafanya kazi kwa maini ya Macalder, shaba na dhahabu. Mwaka umeandikwa kwa simiti ya ngazi na kidole: 1957. Ni ya udongo na mabati, pembe nne, sebule na rum tatu, sakafu nyekundu yenye unaweza jiangalia uso. Maini ilifungwa 1966, na mzungu mmoja akihama babu akanunua kitanda chake cha chuma na springi. Hicho kitanda bado kipo. Nimekilalia.

Miaka mitano iliyopita hiyo nyumba ilikuwa inaenda. Mchwa walikuwa wamekula nguzo mbili za nyuma na mbuyu alikuwa ameanza kusema tujengee dani ya matofali. Kaza ndiye alikataa. Yeye hajasomea majengo, amesomea ualimu. Alianza kufuata wamama wenye bado wanajua kazi, akawauliza kila kitu. Nguzo alibadilisha moja moja, akatumia siala, bila kuteremsha ukuta. Udongo hakuchukua ule mweusi wa shamba, juu huo ukikauka unapasuka. Alichukua wa kichuguu, akachanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu, akaacha ulale siku kadhaa, alafu akasiriba tabaka tatu, kila moja ikisubiri ya kwanza ikauke. Ile tabaka ya mwisho wamama waliipitisha kwa kiganja, nusu duara, nusu duara, hadi ukuta wote ukawa na mawimbi. Mabati ya zamani hakuyatoa, juu ni mazito kuliko haya ya sasa. Aliziba tu mashimo. Hakuna mahali alipiga simiti isipokuwa kwa choo na bafu, zenye ziko nje, na maji yanapashwa kwa jiko unaletewa na beseni.

Ilimchukua kiangazi tatu. Yenye ilikuwa ngumu zaidi, alinieleza, ni kikao na wazee. Si jambo dogo kusema wageni watalala kwa nyumba ya mwenye boma. Walikaa chini ya mti, wakabishana, wakatoa masharti, na nimeyapenda hayo masharti juu yanaonyesha watu wenye wanajua nyumba ni nini. Dani akiwa hai, inarekebishwa na inatumika. Rum yake haiguswi. Mtoto wa boma mwenye ameoa hawezi kulala humo na bibi yake. Pesa inaanzia kwa dawa za dani, yenye inabaki inaingia kwa ukuta. Na siku dani atapumzika, wazee watakaa tena.

Thao mbili kwa usiku, na dishi ndani. Wanaokuja ni walimu, ni watu wa utafiti wa Thimlich, ni vijana wetu wenye wamezaliwa ng'ambo na wanataka kujua harufu ya nyumbani.

Dani alitupokea mlangoni. Beshte akainama, "Shikamoo bibi," na dani akaitikia marahaba, akamshika mkono na hakuuachilia hadi amemkalisha. Mimi akaniita chuora, mume wangu, vile dani huita mjukuu wake, akaniuliza mbona nimemwacha peke yake hivi. Tulikula aliya, ile nyama ya kukausha, na mrenda, na kuon, ugali ya mtama. Nyuka, uji wetu, ililetwa imekolezwa ukwaju, na beshte alipoonja aliweka kikombe chini akacheka kwa furaha, juu ukwaju ni wa kwao pia, na hakutarajia kukutana nao huku bara kabisa.

Baada ya dishi dani alianza stori. Zamani nyumba ya dani ilikuwa na jina, siwindhe, mahali watoto walilala na kufunzwa usiku, kwa mafumbo na hadithi, moto ukiwa katikati. Kaza anatafsiri mahali Kiluo changu kinaisha, na huwa kinaisha mapema. Dani alitueleza vile babu alikuwa anatoka Macalder Jumamosi na viatu vimejaa vumbi la kijani la shaba, na yeye anamsimamisha nje hadi avivue, juu sakafu yake ilikuwa nyekundu na ilikuwa mpya. Miaka yote hii, na bado alikuwa anaiangalia sakafu akisema hivyo.

Beshte alipewa rum ya mbele, yenye mlango wake unafungukia kando ya sebule, karibu na nje. Babu alipojenga alisema hiyo ni ya watu wa safari, wachimbaji wenzake wenye kwao ni mbali. Nilikuwa nimekaa kwa hiyo nyumba tangu utotoni na sikuwahi jua hiyo. Beshte akaweka begi chini, akaangalia mlango, akaangalia sebule, akapima kwa macho. "Ni sabule," akasema. "Babu yako aliweka sabule."

Usiku mvua ilinyesha. Kama hujawahi lala chini ya mabati mazito ndani ya ukuta wa udongo, huo ukuta unapooza joto la mchana na kutoa harufu ya mvua kutoka ndani, sina vile nitakueleza. Nilisikia dani akikohoa kwa rum yake, nikasikia kaza akiinuka kumwangalia, nikasikia kitanda cha yule mzungu wa maini kikilia springi nikigeuka. Nishalala Lamu kwa nyumba ya mawe na nililala poa. Hapa nililala na watu wangu pande zote, na mmoja wao aliondoka kabla nizaliwe.

Asubuhi dani alikuwa nje tayari, na gongo, anakagua kona ya nyuma mahali mvua ilikuwa imelamba ukuta. Akasema kitu kwa Kiluo. Kaza akaleta karai ya udongo. Nikajua ni yangu, lakini beshte alikuwa ashakunja mikono ya shati. Dani alimshika kiganja, akakiweka kwa ukuta, akakizungusha polepole: nusu duara, nusu duara. Mara ya nne akamwacha aendelee peke yake.

Jana kaza amenitumia picha. Hiyo kona imekauka bila ufa. Ya pili, upande wa jikoni, ndio imeanza, na kuna kichuguu kipya karibu na mto chenye udongo wake ni mwekundu vile dani anataka. Beshte ameshaomba ofu kazini. Tunatoka Ijumaa na gari ya usiku.